Skuta ya Mtoto, Magoti ya Baba

Kulea mtoto siku hizi ni kazi ya ofisi, ndugu yangu, na mshahara hakuna. Sisi tulilelewa na jua, mvua na fimbo. Asubuhi unafukuzwa nyumbani, jioni unaitwa kwa jina lako lote la ubatizo, hapo katikati hakuna aliyejua uko wapi na hakuna aliyeuliza. Leo mzazi ana homuweki kushinda mtoto. Tangu huu mtaala wa CBC uingie madarasani mwaka wa 2019, nimechora ramani, nimeshona mwanasesere, nimeokota vifuniko vya soda kwenye baa mpaka mwenye baa akaanza kunisalimia kwa huruma. Nilifinyanga ng'ombe wa udongo usiku kucha. Kijana akampeleka shuleni. Akarudi na majibu: mbali na matarajio. Ng'ombe wangu, mimi mzaliwa wa Embu, mtoto wa mfugaji!

Nikadhani hapo tumefika mwisho. Wapi! Juzi tukaitwa mkutano wa wazazi. Mwalimu, msichana mdogo tu, sauti ya upole, akasema watoto wetu wanajua kusoma, wanajua hesabu, wanajua kufungua simu ya mama kwa alama ya kidole, lakini wakiambiwa wasimame kwa mguu mmoja wanaanguka. Wanakaa sana. Viungo vimelala. Wazazi tukacheka. Akasema, "Basi wazazi, hebu tusimame sote tujaribu." Kicheko kikaisha. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasimama kwa mguu mmoja, akapiga na umbea. Mzee wa kanisa akasimama. Mimi nikainua mguu wa kulia, ukuta ukahama, nikamshika mwenyekiti wa wazazi koti, tukaenda chini wawili. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikuuliza ni nini.

Tukiwa njiani kurudi, mama watoto hakusema neno. Huyo akinyamaza, jua kuna hela inatoka. Usiku akanionyesha picha kwenye simu. Ubao mwembamba, magurudumu mawili, hendeli juu. Skuta ya mtoto. Akasema kijana wetu wa miaka sita anaihitaji ili akue vizuri. Nikamwambia mimi nilikua vizuri bila hicho chuma. Akaniangalia kutoka unyayoni hadi kipara, polepole, akasema, "Ndiyo maana nasema anaihitaji."

Basi nikaenda dukani hapa Embu mjini. Muuzaji akataja bei, elfu sita na nusu. Nikauliza injini iko wapi. Akacheka. Nikauliza kama ina siti. Akaita wenzake waje wanione. Hela yote hiyo na mtoto anasimama na anasukuma mwenyewe! Nikalipa kwa M-Pesa, mkono ukitetemeka. Kufika nyumbani nikampigia shemeji yangu, yule anayefanya kazi ya miraa kule Meru, nimjulishe kuwa na sisi tumeendelea. Akaniambia hizo skuta zinapatikana soko la Gakoromone kwenye mitumba, nusu bei, na muuzaji anakufungia vizuri kwenye gunia. Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Sasa, mzazi mwenye busara hawezi kumpa mtoto chombo bila kukikagua. Nikaamka alfajiri kabla ya majirani. Unaujua mji wetu wa Embu. Tuko kwenye mteremko wa Mlima Kenya, hapa ukidondosha chungwa mlangoni utalipata mtoni. Nikaweka mguu mmoja kwenye ubao, wa pili nikasukuma mara moja tu, kwa heshima. Ikaondoka. Nikatafuta breki kwenye hendeli, mahali ambapo kila breki ya mtu mwenye akili hukaa. Hakuna! Nikabana vidole hewani. Nikapita geti. Nikampita muuza maziwa, akanisalimia, nikaitikia, maana adabu ni adabu. Nikawapita akina mama wanaoenda sokoni. Mmoja akasema, "Ngai!" Mwingine akatoa simu. Mbele kulikuwa na napia ya jirani, yale majani ya ng'ombe, nikaichagua, nikasambaa humo kama mahindi juu ya turubai.

Aliyenitoa ni jirani mwenyewe, sista mstaafu, miaka mingi amefanya kazi kliniki ya watoto. Akanikagua magoti, akanipaka dawa inayochoma, akaikagua na napia yake. Kisha akaniuliza kwa nini sikukanyaga breki. Breki gani? Akanionyesha. Lile bati juu ya gurudumu la nyuma, ambalo mimi nilijua ni madigadi ya kuzuia tope. Unalikanyaga kwa kisigino, linabana gurudumu, unasimama. Kijana wangu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Baba, mimi nilijua." Hakuna aliyemuuliza.

Sista akaniweka chini, akanipa darasa la bure. Nakupa na wewe, lakini usiniulize maswali, mimi nimebeba tu.

Kwanza, akasema, balansi haitoki miguuni peke yake. Inatoka na sikioni. Mimi sikio nalijua ni la kusikia lawama na kuchokonolewa kwa njiti ya kiberiti. Akasema niache hiyo njiti, halafu akaendelea. Ndani kabisa ya kila sikio kuna vijifereji vitatu vilivyopinda, vimejaa majimaji. Ukiinama, ukigeuka, majimaji yanacheza, ubongo unapata habari kuwa kichwa kinageukia wapi. Macho nayo yanaleta habari zao. Misuli na viungo vya miguu vinaleta zao. Ubongo wa mtoto unajifunza kuzipatanisha habari hizo haraka, na hujifunza kwa kufanya. Skuta inamlazimisha. Akiinama kushoto, chombo kinaenda kushoto. Akizidisha, ardhi inamjulisha. Kwangu mimi nadhani yale majimaji yalikauka zamani.

Pili, miguu. Wewe unafikiri unaofanya kazi ni ule unaosukuma. Hata mimi. Kumbe ule uliosimama kwenye ubao ndio unateseka, goti limekunjika kidogo, umebeba mwili wote na unazuia usianguke. Kwa hiyo mtoto abadilishe. Asukume na kulia, kisha asukume na kushoto, upande mmoja usije ukanenepa peke yake. Mgongo na tumbo navyo vinakaza ili asipepee. Mifupa nayo, akasema, hukomaa kwa kazi. Ukiugandamiza mfupa wa mtoto kwa kuruka, kukimbia na kusukuma, unajijenga na kuwa mgumu. Nikamuuliza kama na wangu bado unaweza. Akaangalia pembeni.

Tatu, muda. Shirika la Afya Duniani limeandika haya mambo. Mtoto wa kuanzia miaka mitano anahitaji kama dakika 60 kila siku za kujituma mpaka moyo udunde. Mdogo wake wa miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kuchangamka kwa siku, na mambo ya kutazama skrini yasizidi saa moja. Saa moja! Hapa kwangu saa moja ni katuni ya kunywea chai. Kisha akasema hata mtu mzima amepangiwa, angalau dakika 150 kwa wiki. Nikapiga hesabu ya kutoka kitandani hadi kibandani, na kurudi, nikajumlisha na ile safari ya napia. Haikufika.

Nikamwambia sista mbona kwenye kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kile mama watoto anakificha pamoja na cheti cha kuzaliwa, wameandika tu habari ya kukaza shingo, kuketi, kusimama na kutembea? Skuta sijaiona. Akasema hizo ndizo ngazi za chini, mtoto akishazipanda haimaanishi alale. Mtoto wa miaka sita anatakiwa kuruka, kukimbia na kukata kona, kuhukumu umbali, kuamua mapema. Akili na miguu vinakua kwa pamoja. Nikaitikia kwa kichwa. Nimejifunza kwamba ukiitikia kwa kichwa watu wanamaliza haraka.

Jambo la nne sikuambiwa na mtu, nililiona mwenyewe nikiwa nimekaa dirishani na bandeji. Ploti yetu ina watoto wengi na skuta ni moja. Siku ya kwanza kelele. Siku ya pili kelele na mchanga machoni. Baadaye nikasikia kimya, nikaogopa, nikachungulia. Walikuwa wamepanga foleni! Wametunga sheria bila bunge. Kila mmoja anaenda mpaka kwenye mparachichi na kurudi, akianguka zamu imeisha, akilia anarudi mwisho wa mstari. Msichana mmoja wa miaka saba ndiye jaji, na hana rufaa. Watu wazima wa ploti hiyo hiyo tumeshindwa kupanga foleni ya bomba la maji, tuna kamati, tuna katibu, tuna kikundi cha WhatsApp. Nikaenda kuomba zamu moja, kwa utafiti tu. Jaji akaniambia, "Wewe uliharibu napia." Nikarudi dirishani.

Basi nikaona kijana sasa ameiva, tumpeleke ushago, kule juu karibu na Kianjokoma, kwenye majani chai, akamwonyeshe guka wake maendeleo. Nikaibeba skuta kwenye matatu, kondakta akanilipisha nauli yake. Tukafika. Nikaitoa kwenye gunia polepole ili majirani waone. Binamu za kijana wangu wakaitazama, wakaingia nyuma ya zizi, wakatoka na zao. Za mbao! Gogo la mgrivilea limekatwa likawa magurudumu, katikati wamepiga tundu, ekseli ni kijiti kigumu kilichopakwa oili chafu ya gari. Mmoja alikuwa na beringi za kweli, aliziomba kwa fundi wa magari, zinapiga kelele mpaka Manyatta wanasikia. Breki? Kipande cha sapatu kuukuu kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma. Walijua mahali breki inakaa, hawa.

Wakateremka. Mavumbi mekundu. Skuta yangu ya elfu sita na nusu ikaingia kwenye murram, vigurudumu vyake vidogo vikakwama kwenye jiwe la kwanza. Hizo ni za saruji na lami, ndugu yangu, huku kwetu kwenye mawe gurudumu linataka kuwa kubwa. Kijana wangu akaitupa kando, akapakiwa kwenye ya mbao, akapotea kwenye kona akipiga mayowe ya furaha. Nikabaki nimeshika chuma, na mzee wangu ananitazama.

Nikamwambia mzee, "Hizi hata sisi tuliziendesha." Mzee akacheka mpaka akatoa kofia. Akasema, "Wewe? Wewe ulikuwa unasukuma." Mbele ya mke wangu! Akaeleza kwamba wenzangu walikuwa wananiambia zamu yangu inakuja, nasukuma mpaka jioni, halafu ng'ombe wanahitaji maji, zamu inaisha. Mama watoto akasema sasa anaelewa mambo mengi.

Lakini mzee akasema neno la maana baada ya kucheka. Yule mtoto wa beringi alikaa muda mrefu akichonga kile kitu. Gurudumu la kwanza lilikuwa yai. La pili lilipasuka. Akauliza, akapima kwa kamba, akaazima panga, akarudisha panga, akachongoa ekseli upya. Kabla hajapanda alikuwa ameshapiga hesabu, ameshafanya ufundi, ameshajifunza kuomba kwa adabu. Hapo nikakumbuka ng'ombe wangu wa udongo. Kwa nini hii hawaiiti homuweki?

Na usidhani mambo ya mbao ni ya watoto na ushago tu. Uliza waliofika Goma, Kongo. Kule kuna chombo kinaitwa chukudu, ni skuta ya mbao hasa, ndefu, nzito, wanaume wazima wanaiendesha tangu miaka ya 1970. Wanabeba viazi, makaa, kabichi, mamia ya kilo, kutoka vijijini kuteremka mjini. Dereva anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma barabara. Watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa chukudu. Mwaka wa 2009 Goma ikasimamisha sanamu ya mwendesha chukudu, rangi ya dhahabu, katikati ya mji. Mtu wa skuta ana sanamu! Mimi wa skuta nina video, na ninaambiwa imefika Runyenjes.

Hizi za chuma nazo zina hadithi. Huko Uswisi, mjini Zurich, kulikuwa na bwana anaitwa Wim Ouboter. Jioni moja tumbo likamtuma soseji. Kibanda cha soseji kilikuwa mbali kidogo kwa miguu na karibu mno kwa gari. Akafikiria skuta. Miaka ya 1990 akaitengeneza ya kukunjika, ubebe kwapani, na ilipofika mwaka wa 2000 watoto wa Marekani na Ulaya walikuwa wanazililia. Mimi kila jioni tumbo linanituma mutura, mbali kidogo kwa miguu, karibu mno kwa boda. Nimekaa na tatizo hilo hilo miaka yote. Sijavumbua chochote, nimeongeza tu deni kwa muuza mutura.

Sasa tuongee mambo ya kutisha, maana sista alinikunjia uso kwa hili. Hizo skuta ziliposambaa, hospitali za Marekani zikajaa mikono iliyovunjika. Madaktari wa watoto wa huko wanasema mtoto wa chini ya miaka minane asipande bila mtu mzima kumwangalia kwa karibu. Kwa karibu maana yake umesimama hapo, macho kwake, simu mfukoni. Helmeti lazima, na iwe imefungwa kidevuni, isiwe ya baba ya boda inayozunguka kichwani. Vikinga magoti na viwiko. Viatu vya kufunika vidole, sapatu tuiachie breki. Mvua ikinyesha muda wake umeisha, usiku vilevile. Na barabarani hapana. Kabisa hapana. Unazijua Probox za muguka zinavyoshuka kutoka Mbeere kuwahi soko. Unazijua Hilux za miraa zinavyotoka Maua. Zile haziulizi kama mtoto wako anajenga mifupa.

Hapo ndipo lalama yangu inapofika kwa mwenyewe. Nina mtoto, nina skuta, nina helmeti ya elfu mbili ambayo pia Gakoromone iko nusu bei. Mahali pa kuendeshea sina. Landilodi amejenga mpaka kwenye ukuta, na pale palipobaki ameegesha pikapu yake mbovu tangu uchaguzi ule mwingine. Njia ya miguu ina vibanda. Kiwanja tulichochezea mpira kina jumba la ghorofa na ubao unaosema vyumba vipo. Kenya iliridhia mwaka wa 1990 ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, na kifungu cha 31 kinasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki tunayo, saruji hatuna. Mwaka wa 2023 Madaraka Dei ililetwa hapa kwetu, na uwanja wa Moi ukapigwa rangi, ukajengwa, ukapendeza, wakubwa wakaketi. Kumbe ikitakiwa inawezekana.

Kwa hiyo, waheshimiwa wa Embu na Meru, siombi uwanja wa kupokea marais. Naomba kila mtaa uwe na kipande kimoja cha saruji, tambarare, chenye ukuta wa kuzuia pikipiki, na kama pesa itabaki mpande napia pembeni. Na wewe mzazi mwenzangu, helmeti inunuliwe kwanza, skuta baadaye. Ukikosa hela, mpe mtoto mbao, msumari na fundi wa kumwelekeza, atakua vilevile na pengine zaidi. Akiwa amepanda, simama pale umwangalie mpaka amalize. Akikuomba ujaribu, kataa.